Kupokea ni Kazi

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mfaranyaki, Songea

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wetu, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wapenzi, ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi wadogo zetu mliokaa nyuma katika sare zile zile tulizovaa sisi:

Kamati ya maandalizi iliponiandikia, iliniomba nizungumze kwa nusu saa juu ya jambo lenye manufaa kwa vijana, lisilohusu siasa, na lisilochelewesha chakula cha mchana. Sharti la tatu ndilo lililonitia hofu kuliko mengine, maana nawafahamu wenzangu. Basi nitajitahidi.

Jambo lenyewe sikulitafuta mbali. Mwaka jana mtoto wa dada yangu, ambaye yuko kidato cha pili, alinijia jioni na kitabu cha fizikia mkono mmoja na gazeti la michezo mkono wa pili. Akaniuliza: "Mjomba, risiva ni kitu gani hasa? Kitabu kinasema ni chombo. Gazeti linasema ni mtu, tena anakimbia." Nikacheka, nikamwambia kwamba Waingereza wana neno moja wanalolitumikisha kazi nyingi. Redio kwao ni risiva. Ule mkono wa simu ya mezani ni risiva. Anayengoja mpira wa kwanza katika tenisi ni risiva. Hata mtu anayekabidhiwa na mahakama mali ya kampuni iliyofilisika, naye ni risiva.

Kiswahili hakina matatizo hayo, nikamwambia. Chombo ni kipokezi, mtu ni mpokeaji. Ki- na m- zimemaliza ugomvi. Kijana akaridhika, akaenda kula. Mimi ndiye nilikosa usingizi. Nilijiuliza: je, kweli ni maneno mawili tu? Au pana kitu ambacho chombo na mtu wanakifanya sawasawa, na ambacho mimi, kwa umri wangu huu, nimewahi kushindwa kukifanya? Hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza.

Nianze na redio. Hivi sasa ninaposema, ukumbi huu umejaa mawimbi. Yapo ya vituo vya redio, yapo ya minara ya simu, yapo ya setilaiti. Yanapita katika kuta na katika miili yetu, na hakuna hata mmoja wetu anayeyahisi. Waya wa eriali huyapata yote kwa mpigo mmoja, kila wimbi likitikisa umeme kidogo sana ndani ya waya. Mambo yakiishia hapo tunachopata ni fujo tupu, mfano wa bwalo letu la chakula siku ya wali na nyama.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya redio, baada ya kukamata, ni kuchagua. Kazi hiyo hufanywa na koili na kapasita. Mfikirieni mtoto aliye kwenye bembea. Ukimsukuma kwa wakati wake, hata kwa kidole, atapanda juu zaidi kila mara. Ukimsukuma ovyo ovyo, bembea itasimama. Koili na kapasita navyo vina mwendo wao wa bembea. Unapozungusha kitufe cha kutafutia stesheni, unaubadilisha mwendo huo mpaka ulingane na wimbi moja tu. Hilo moja hupanda. Mengine yote hufifia. Kisha dayodi huitenganisha sauti na wimbi lililoibeba, kama mtu anavyoshusha mzigo kutoka kwenye baiskeli. Baada ya hapo transista, zikitumia nguvu za betri, huikuza sauti ile dhaifu mpaka spika itikisike na mama aliye jikoni asikie taarifa ya habari.

Lakini pana jambo moja zaidi, na hili naomba vijana mlishike vizuri. Mwaka 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, afisa wa jeshi la Marekani aliyekuwa Paris, Edwin Armstrong, alibuni namna ya kupokea ambayo redio nyingi sana ziliifuata baadaye. Redio ya namna hiyo haikai kimya ikingoja. Ndani yake hutengeneza mtetemo wake yenyewe. Tuseme unatafuta kituo cha kilohezi 1,000. Redio inaweza kutengeneza mtetemo wa kilohezi 1,455, ikauchanganya na wimbi linaloingia, na tofauti ya hiyo miwili, yaani 455, ndiyo inayokuzwa na kufanyiwa kazi. Ukihamia kituo kingine, na mtetemo wa ndani huhama, ili tofauti ibaki ile ile. Maana yake ni kwamba kabla ya wimbi kufika, kipokezi chenyewe kimekwisha kuanza kutetema. Kinapokea kwa sababu tayari kiko mwendoni.

Sasa twende uwanjani. Kiswahili kimeuita mchezo mmoja kwa jina zuri sana: mbio za kupokezana vijiti. Angalieni jina hilo. Halitaji mwenye kasi wala anayemaliza wa kwanza. Linataja kupokea, tena kwa pamoja. Kijiti chenyewe si kitu cha ajabu. Urefu wake ni kama sentimita 30 na uzito wake haupungui gramu 50. Mtoto wa chekechea anaweza kukibeba. Taabu yake ni kwamba lazima kitoke mkono hadi mkono ndani ya eneo lililopimwa. Wakati wetu, katika mita 100 mara nne, eneo hilo lilikuwa mita 20, na mpokeaji aliruhusiwa kuanzia mita 10 nyuma yake. Siku hizi vimeunganishwa vikawa eneo moja la mita 30.

Katika mita 100 mara nne, mpokeaji huweka alama yake chini. Mwenzake akifika kwenye alama ile, yeye huondoka kwa nguvu zake zote, bila kutazama nyuma. Husikia sauti, hunyoosha mkono nyuma, hukaza kiganja, na kijiti hukuta mkono umetulia ingawa miguu inachapa. Akiondoka mapema, mwenzake hamfikii. Akichelewa, wanagongana. Katika mita 400 mara nne mambo ni mengine. Anayeleta kijiti amechoka, miguu mizito, na kasi yake haitabiriki. Hapo mpokeaji hugeuka akamtazama, akapima uchovu wa mwenzake, kisha akajirekebisha yeye. Aina mbili za mbio, namna mbili za kupokea. Lakini katika zote mbili hakuna anayepokea vizuri akiwa amesimama tuli.

Msidhani haya ni madogo. Katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, timu mbili za Marekani za mita 100 mara nne, ya wanaume na ya wanawake, ziliangusha kijiti jioni moja, zikatoka kabla ya fainali. Mwaka 2016 kule Rio de Janeiro, Wajapani wanne, ambao wakati huo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekimbia mita 100 chini ya sekunde 10, walichukua medali ya fedha kwa sekunde 37.60. Katika mbio hizo hizo Wamarekani walivuka mstari wakiwa wa tatu, wakafutwa kwa kosa la kupokezana kijiti. Wajapani walikuwa wamefanya mazoezi ya kupokezana mpaka ikawa kama mtu mmoja anahamisha kitu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

Na yule risiva wa gazeti la mtoto wa dada yangu? Huyo ni wa mpira wa Kimarekani, ule unaoitwa wa miguu na kuchezwa zaidi kwa mikono. Tangu mwaka 1906 sheria zao zimeruhusu mpira kurushwa mbele, na risiva ndiye anayekimbia kwenda kuudaka. Haendi pale mpira ulipo. Huenda pale utakapofika, na mara nyingi mpira hurushwa kabla hajageuka kuutazama. Tangu mwaka 1994, katika ligi yao kuu, anayerusha mpira huwekewa redio ndogo ndani ya kofia yake ngumu ili amsikie kocha. Basi mwenye risiva kichwani humrushia risiva mwenye miguu. Nilipomweleza hivyo, mtoto wa dada yangu aliniambia kwamba Waingereza watajijua wenyewe.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Kila mwaka Mwenge wa Uhuru, uliowashwa mara ya kwanza juu ya Mlima Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961, hutoka mkono kwa mkono, mkoa kwa mkoa. Nimesimama mara kadhaa katika sherehe za kuupokea, nikiwa na faili langu kwapani. Sijaona hata mara moja mkoa ukiupokea na kuuweka kabatini. Ukipokewa, unakimbizwa.

Ndugu zangu, wazee wetu walilijua jambo hili kabla hatujazaliwa baadhi yetu. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wapo humu wanaoikumbuka. Watu kama milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio. Mama yangu alikuwa katika kikundi kimoja kijijini kwetu, na redio ilikuwa moja tu, ya mwenye duka, ambayo betri zake zilianikwa juani zikidhoofika. Alinisimulia kwamba walisikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadiliana mpaka wakabishana, kisha kiongozi wa kikundi akauliza: "Haya, tunafanya nini?" Wakachukua majembe, wakachimba vyoo, wakafukia madimbwi ya maji yaliyotuama. Redio ile ilipokea mawimbi kwa dakika chache. Kijiji kilipokea kwa majembe.

Siku hizi tuna chombo kingine sebuleni. Mitambo ya zamani ya televisheni ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na miji mingine baadaye, sote tulilazimika kununua king'amuzi. Tulilalamikia bei, lakini hatukulisikiliza jina. Halikutoka kwenye kupokea. Limetoka kwenye kung'amua, yaani kuelewa kilichojificha. Aliyelibuni neno hilo simjui, ila amenifundisha kuliko vitabu vingi. Kupokea bila kung'amua ni nusu ya kazi.

Na sasa nije kwangu mwenyewe.

Mimi ni mtumishi wa umma. Katika kila ofisi niliyofanya kazi upo muhuri mmoja wa mpira wenye neno IMEPOKELEWA, na tarehe chini yake. Miaka ya nyuma, nikiwa afisa kijana katika ofisi ambayo sitaitaja, alifika mzee mmoja mstaafu kuuliza juu ya barua yake ya mafao. Nikafungua kitabu cha masjala, nikaliona jina lake, nikamjibu: "Mzee, barua yako imepokelewa." Alishukuru, akaondoka. Akarudi baada ya miezi miwili. Nikamjibu vile vile. Alipokuja mara ya tatu, amevaa koti lile lile, nikarudia maneno yale yale, tena kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa. Hakukasirika. Alinitazama, akasema: "Mwanangu, hata redio nayo hupokea. Lakini ikishapokea, husema."

Sikuwa na la kujibu. Nilikwenda kabatini siku ile ile. Barua ilikuwa na muhuri mzuri kabisa, ulionyooka, na chini yake hapakuwa na neno hata moja. Faili lilikuwa langu. Sikuwa na mtu wa kumsukumia. Mzee alipata haki yake, lakini miezi minane iliyopotea hakurudishiwa. Tangu siku hiyo sijapiga muhuri ule bila kuandika kando yake nani atafanya nini, na lini. Si ushujaa. Ni deni.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililonileta Mfaranyaki.

Wenzangu wa mwaka 1999 wanaukumbuka mwaka ule kwa mambo mawili. La pili ni tarehe 14 Oktoba, tuliposimama nje ya dirisha la mwalimu, bweni zima, tukisikiliza redioni kwamba Mwalimu Nyerere ametutoka huko London. Hakuna aliyetuambia tunyamaze. La kwanza lilikuwa dogo mno mbele ya hilo, lakini kwa vijana wa umri ule lilikuwa kubwa: fainali ya mbio za kupokezana vijiti kati ya mabweni. Pointi zilikuwa sawa, na ngao ya mwaka ilikuwa inangoja mbio hiyo moja.

Mimi nilikuwa mkimbiaji wa nne. Wa tatu alikuwa rafiki yangu, ambaye sitamtaja jina, maana yumo humu ukumbini. Tulifanya mazoezi wiki tatu, kila jioni, mpaka Milima ya Matogoro ikaingia giza. Alama yangu niliiweka kwa majivu. Yeye alikuwa anasema "Shika!" na mimi nilikuwa nanyoosha mkono. Hatukukosea hata mara moja.

Siku yenyewe alikuja akiwa mbele ya wote. Mimi sikuwa natazama alama yangu. Nilikuwa namtazama kijana wa mstari wa pili, yule aliyekuwa na sifa ya kasi, nikiwaza namna watu watakavyonishangilia nitakapomwacha. Niliondoka nimechelewa. Nikasikia "Shika!", nikanyoosha mkono, kisha nikageuza kichwa kumwangalia tena yule kijana. Ukigeuza kichwa, bega hugeuka. Bega likigeuka, mkono huhama. Kijiti kilinigonga kwenye kifundo, kikaanguka kwenye nyasi. Tulimaliza wa mwisho.

Mwalimu wa michezo alituuliza mbele ya bweni zima: nani ameangusha? Rafiki yangu alinitazama mimi. Nami nikasema neno moja: "Hakunifikishia."

Hakubisha. Labda alikuwa anangoja niseme la pili. Sikulisema. Usiku ule bweni likampa jina la Mlenda, kwa sababu, walisema, mikono yake inateleza. Aliitwa Mlenda bwaloni, aliitwa Mlenda darasani, aliitwa Mlenda mpaka siku ya mtihani wa mwisho. Hakuchaguliwa tena katika timu yoyote. Mimi nilichaguliwa.

Asubuhi ya leo, pale kwenye chai, mmoja wetu alimwita kwa jina hilo. Miaka yote hii imepita, ana wajukuu wawili, na bado ni Mlenda. Tulicheka sote. Na mimi nilicheka. Kisha nikaona kwamba nina hotuba mfukoni juu ya kupokea, na kwamba siwezi kuisoma mbele ya watoto hawa huku nikiwa mtu yule yule.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kwa kuwa mimi ni mtu wa ofisi, naomba jambo hili liingizwe rasmi katika kumbukumbu za mkutano: kwamba kijiti cha mwaka 1999 kilifikishwa salama, kwa wakati wake, ndani ya eneo lake, na kwamba aliyekiangusha ni mpokeaji. Na jina la Mlenda, kuanzia leo, lirudishwe kwa mwenyewe. Nitaliitikia.

Kwako wewe, rafiki yangu, sina maneno ya kutosha. Ulinitazama siku ile ukingoja neno. Nimechelewa kuliko ile barua ya mzee. Samahani.

Wadogo zangu, wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tulipokuwa wadogo tulidhani methali hiyo ni ya kututisha tu. Leo naiona imeunganisha sikio na mguu, redio na uwanja, katika sentensi moja. Mtapokea mengi hapa shuleni: mtapokea masomo, mtapokea maonyo, na siku moja mtapokea madaraka. Yapokeeni mkiwa mwendoni, macho yenu yakiwa kwenye alama yenu na si kwenye mstari wa jirani. Na kikianguka, semeni mapema ni nani aliyekiangusha, hasa kama ni ninyi.

Chakula naona kimeiva.